Kenya: Mkulima alikosa mnunuzi, serikali ikampa pembejeo

Tarehe 23 Mei 2020, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kufufua uchumi uliodhoofishwa na korona. Kilimo kilipata mafungu mawili: shilingi bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki, na shilingi bilioni 1.5 za kuwasaidia wazalishaji wa maua na mazao ya bustani kuyafikia masoko ya nje. Mafungu hayo yangali na funzo, hata kwetu sisi tulio upande huu wa Busia na Malaba.

Tuanze na hesabu. Bilioni 3 zikigawanywa kwa wakulima 200,000, kila mmoja anapata pembejeo za shilingi 15,000. Si haba kwa mwenye ekari moja. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaya zipatazo milioni 6.4 nchini Kenya hujishughulisha na kilimo. Walengwa, basi, walikuwa takriban watatu katika kila mia.

Fungu la maua lilikuwa na utetezi wake. Mnamo Machi 2020 bei katika mnada wa Uholanzi ziliporomoka, na mashamba yaliyo kando ya Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, yakatupa maua na kuwarudisha nyumbani maelfu ya vibarua. Kuyarejesha maua sokoni kulimaanisha kurejesha ajira na fedha za kigeni. Hapo serikali iliutambua ugonjwa kuwa ni soko, ikatoa dawa ya soko.

Ukipanda kutoka Naivasha kuelekea Kinangop, unaingia kaunti ya Nyandarua, nchi ya viazi, kabeji na maziwa. Huko pia ugonjwa ulikuwa soko. Shule zilikuwa zimefungwa, hoteli hazina wageni, na tangu tarehe 6 Aprili hadi Julai watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, ingawa mizigo iliruhusiwa kupita. Aliyekuwa na magunia ya viazi ghalani alihitaji mnunuzi, au fedha taslimu za kuvukia kipindi kile. Vocha ya pembejeo ilimwandaa kwa msimu uliofuata. Pembejeo huongeza mavuno, haziongezi walaji.

Tatizo la pili ni la kimuundo. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti 47 shughuli za kilimo, huku sera ikibaki kwa serikali kuu. Afisa ugani anayemjua mkulima kwa jina yuko chini ya gavana, ilhali fungu la fedha liko Nairobi. Baina ya wawili hao ndipo hutengenezwa orodha ya wanufaika, na orodha ina tabia ya kumwona anayeonekana tayari: mwenye kitambulisho, simu iliyosajiliwa na shamba linalojulikana kuwa lake. Mpangaji wa shamba, au mwanamke alimaye ardhi iliyoandikwa jina la mumewe, huwa na safari ndefu zaidi ya kuthibitisha kuwa yeye ni mkulima. Kibarua wa maua hakuwa na nafasi kabisa katika vocha hizo, kwani halimi shamba lake.

Uganda ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, hutengea kila parokia shilingi milioni 100, na kaya hukopeshwa hadi shilingi milioni 1. Tofauti ni kubwa: huo ni mkopo wa fedha, si vocha ya janga. Hata hivyo maswali ni yale yale. Nani ameandikwa? Nani ameachwa? Na mavuno yakishaongezeka, nani atayanunua?

Janga jingine halitapiga hodi. Nchi itakayolikabili vyema ni ile itakayokuwa na orodha kamili ya wakulima wake kabla ya kutangaza mabilioni, na itakayomuuliza mkulima anaumwa wapi kabla ya kumpa dawa.