Mtoto Akisha Kuachiliwa, Yu Wapi?



Huduma ya kumuangalia mtoto aliyehukumiwa haipimwi kwa wingi wa mafaili. Sisi wenye maduka twajua kwamba mtu aweza kukopesha magunia mengi na mwisho wa mwaka akafilisika, hutazamwa kilichorudi. Basi na huduma hii iulizwe: mwaka mmoja baada ya mtoto kuachiliwa, yu skuli, yu kwa fundi, au yu mbele ya hakimu tena?

Kazi hii haikuanzwa na maafisa. John Augustus alikuwa mshona viatu wa Boston, Marekani. Mwaka 1841 alimdhamini mlevi mmoja mahkamani, na mwaka 1847 akawadhamini wavulana 19, wa miaka 7 hadi 15. Kesi zao ziliahirishwa kwa miezi kadhaa, naye katika kila kikao akaleta khabari za mwenendo wao. Mshona viatu, wala hakuwa na ofisi!

Sisi tunayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya mwaka 2011. Tena zipo Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985: ya 24 yataka mtoto asaidiwe kupata malazi, elimu na kazi, na ya 30 yataka huduma zenyewe zichunguzwe na kupimwa.

Twaishika khasa hiyo ya 30. Majina ya watoto yasitajwe, lakini Baraza la Wawakilishi lipewe idadi, wilaya kwa wilaya, Unguja na Pemba: wangapi wamerudi mahkamani, na wangapi wamepata fundi wa kuwapokea. Itolewe kabla ya bajeti kupitishwa.