Ramani ya Mji na Watu wa Mwanjelwa

Hapana mji uliopata kujengwa bila kugawanywa. Lazima iwepo sehemu ya kulala, sehemu ya kuuzia, sehemu ya kuzikia wafu, na sehemu ambayo maji ya mvua yataachiwa yapite. Kwa sababu hiyo, hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuilaumu Halmashauri ya Jiji la Mbeya kwa kuwa inapanga mji. Lawama inayostahili kutolewa ni nyingine, nayo ni hii: kwa miaka mingi mpango wa mji umekuwa ukija baada ya watu, ukiwakuta wamekwisha kaa, kisha ukiwahukumu kwa kosa la kuutangulia. Mwanjelwa ndipo mahali ambapo jambo hili huonekana wazi kuliko pengine.

Mbeya ni mji wa milimani. Juu yake umesimama mlima Loleza, na jirani yake Kilele cha Mbeya chenye urefu upitao mita 2,800; upande wa pili imelala safu ya Uporoto. Ulianza katika miaka ya 1920, siku za dhahabu ya Lupa, na waliouanzisha waliugawa kwa rangi za watu. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali yanatamkwa kila siku na watu ambao hawayafikirii tena, lakini ndani ya majina hayo mna elimu nzima ya upangaji wa kikoloni. Mzungu alipewa viwanja vipana na hewa safi. Mhindi alipewa mtaa wa maduka. Mwafrika aliachiwa mahali palipobaki. Uhuru wa mwaka 1961 uliifuta rangi katika maneno ya sheria, wala haukuweza kuufuta upana wa viwanja. Penye nafasi paliendelea kuwa na nafasi, na penye msongamano paliendelea kusongamana.

Mwanjelwa ilikua kwa nguvu ya barabara. Njia kuu iendayo Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilizidisha mwendo wa watu na mizigo katika mji wote. Mchele wa Kyela na Usangu, viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu na nguo za mitumba hukutana mahali hapo kwa sababu ndipo gari husimama na ndipo mnunuzi hupita. Hakuna afisa aliyeketi mezani akaamua kwamba Mwanjelwa iwe moyo wa biashara ya Nyanda za Juu Kusini. Biashara ilijichagulia mahali pake, kama maji yanavyojichagulia mkondo. Hekima ya mpangaji ilikuwa kuutambua mkondo huo na kuujengea kingo, wala si kuuzuia kwa amri na kisha kustaajabu unapofurika.

Yaliyolipata soko hilo ni somo lililolipiwa kwa gharama kubwa. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Wafanyabiashara wengi walihamia eneo la SIDO. Nalo likaungua mwaka 2011, na likaungua tena mwaka 2017. Watu waliopoteza mtaji mara ya kwanza walijikuta wakiupoteza kwa mara ya pili na ya tatu. Pengine kumetokea yayo hayo: Kariakoo liliungua Julai 2021, na Karume, katika jiji lile lile la Dar es Salaam, likaungua Januari 2022. Moto una sababu nyingi, na kila mmoja huwa na chanzo chake. Lakini kuenea kwa moto ni jambo la ramani. Vibanda vya mbao vilivyobanana, vyenye nyaya zilizopitishwa ovyo, bila njia ya kuingiza gari la zimamoto na bila bomba la maji karibu, havihitaji adui. Mahali pa muda panapoachwa kuwa pa muda kwa miaka kumi hupata hatari zote za mahali pa kudumu, wala hapapati hata moja ya kinga zake.

Badala ya soko lililoungua lilijengwa jumba kubwa la ghorofa kwa mkopo wa benki. Jumba lenyewe ni zuri kulitazama. Lakini waswahili walikwisha sema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mkopo hulipwa kwa kodi ya vyumba, na kodi ya vyumba hulipwa kwa faida ya muuzaji. Mwenye duka la vitambaa huenda akaimudu. Muuza nyanya, ambaye mali yake huoza kwa siku tatu, na ambaye mnunuzi wake hapandi ngazi kutafuta fungu la mboga, atawezaje kuimudu? Si ajabu basi kwamba wafanyabiashara walilalamika juu ya kodi, na kwamba barabara iliyo nje ya jengo iliendelea kuwa na bidhaa ilhali ndani yake mlikuwa na nafasi. Kosa halikuwa katika saruji wala nondo. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba soko ni jengo. Soko ni mahali ambapo mwenye kidogo hukutana na mhitaji wa kidogo, na jengo likiwazuia kukutana, watakutana nje yake.

Wanapokutana nje huitwa wavunjaji wa sheria. Mnamo Novemba 2011 Mbeya iliona ghasia kati ya wamachinga na polisi, na chanzo chake kilikuwa agizo la kuwaondoa wauzaji kandokando ya barabara. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, wamachinga wa miji mingi ya Tanzania walihamishwa tena. Kuhamishwa mara mbili ndani ya kizazi kimoja ni ushahidi kwamba mara ya kwanza hapakuwa na jawabu. Mtu aliyepelekwa mahali pasipo mnunuzi atarudi kwa mnunuzi; hufanya hivyo kwa njaa ya watoto wake, wala si kwa ukaidi.

Barabara nayo ina habari yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nyumba iliyokuwa halali jioni ikawa ndani ya hifadhi asubuhi, bila kusogea hata hatua moja. Ndipo zikaja alama mbili ukutani: X nyekundu kwa asiyestahili fidia, na X ya kijani kwa anayestahili. Kati ya rangi hizo mbili umo uzee wa mtu mzima na elimu ya wajukuu wake. Sasa kwa kuwa njia ya Mbeya imepangiwa kupanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, jambo hili si la vitabuni. Barabara pana inahitajika, na malori yanayojipanga mjini ni ushahidi tosha. Lakini haja ya umma haipaswi kulipwa na mifuko ya watu wachache waliokutwa njiani.

Watetezi wa halmashauri wana hoja, na haki yataka isikilizwe. Husema kwamba watu huvamia; kwamba hununua ardhi kwa maneno ya mashahidi wawili na karatasi ya daftari; kwamba hujenga mabondeni na kwenye miteremko wakijua hatari yake, kisha hudai serikali iwaokoe. Hoja hii ina ukweli wa kutisha. Tarehe 14 Aprili 2024 mlima Kawetele uliporomoka huko Itezi, ndani ya jiji hilo hilo, na tope likafunika nyumba na kuifikia shule. Miezi michache kabla yake, Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80. Mlima hauombi kibali cha ujenzi, wala hausomi hati ya kiwanja. Anayemkataza mtu kujenga chini ya mteremko uliolegea anamtakia uhai.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, inamrudia aliyeitoa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 541,603. Katika miaka 10 waliongezeka watu zaidi ya 156,000, nao wote walihitaji mahali pa kuweka kitanda. Ikiwa kiwanja kilichopimwa ni haba na ghali, na kipande cha shamba kwa mwenyeji kinapatikana leo kwa bei ya kupunguziana, ni nani atakayesubiri? Mteremko haukuchaguliwa kwa kuwa ni salama. Ulichaguliwa kwa kuwa ndio uliobaki. Mamlaka inayokataza bila kuonyesha pa kwenda imefanya nusu ya kazi yake, na nusu iliyo rahisi.

Wala sheria haisemi vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja miongoni mwa misingi yake kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kwamba raia wawezeshwe kushiriki katika maamuzi yanayohusu ardhi wanayoikalia au kuitumia. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ya eneo la mpango bila kibali. Misingi hiyo ya kwanza humlinda mkazi. Katazo hili la pili humbana. Yafaa kuuliza ni ipi kati ya hizo ambayo mtu wa Mwanjelwa huikuta mlangoni kwake mapema zaidi. Tena sheria hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mkazi alitakiwa kuitii ramani asiyoonyeshwa, kwa lugha asiyoisoma. Na utii wa namna hiyo ni bahati, si wajibu.

Yapasayo kutendwa hayahitaji jumba jipya. Ramani ya kila mtaa na ibandikwe ukutani katika ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, ikiwa na majina ambayo watu wenyewe huyaita mahali pao. Asihamishwe muuzaji kabla mahali papya hapajawa na maji, choo, njia ya gari la zimamoto na kituo cha daladala. Mipaka ya miteremko ya hatari na ichorwe, na kila aliye ndani yake aonyeshwe kiwanja mbadala kabla ya masika, wala si baada ya msiba. Na kila anapopewa tajiri ruhusa ya kubadili matumizi ya kiwanja chake, sababu na ziandikwe hadharani, ili ajulikane kuwa amepewa kwa haki ile ile ambayo jirani yake maskini alinyimwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanjelwa imejenga kuta mara tatu juu ya majivu, na Itezi imeona mlima ukishuka. Mvua za masika hurudi kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana. Afisa mipango miji ana kalenda kama watu wengine.