Si Kila Mwandiko Mbaya ni Uvivu

Kwenye TP mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Bunda. Kidato cha pili kulikuwa na kijana aliyeandika kama vile daftari linamkimbia. Herufi zimelala, mistari inapanda na kushuka, maswali kumi anafanya manne kengele inagonga. Mimi na kalamu yangu nyekundu nikamwandikia: "Acha uvivu, boresha mwandiko." Nikarudia hivyo wiki tatu mfululizo.

Wiki ya nne nikamwambia afute ubao. Akashika kifutio kwa kidole gumba na cha shahada. Cha kati na cha pete vilikuwa vimenyooka tu, havikunji. Nikamuuliza, akajibu huku anatazama chini: "Ni mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, madam. Nilikuwa darasa la saba."

Baadaye niliongea na mama yake. Mtoto alikimbizwa kwa bodaboda kwenye kituo cha karibu, akasafishwa, akashonwa, nyuzi zikatolewa, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia akunje vidole. Mama akaniambia, "Mwalimu, sisi tulijua amepona, maana kidonda kilifunga."

Wanachuo wenzangu, hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mikono mingi haiharibiki kwenye mashine peke yake. Inaharibika wiki zinazofuata, wakati kila mtu anaamini kwamba kidonda kikifunga basi kazi imeisha. Na sisi tunaosomea ualimu tumo ndani ya hao "kila mtu".

Tuanze na jinsi mkono unavyofanya kazi. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye kiganja na zaidi kwenye mkono kabla ya kiwiko, inavuta vidole kwa kano ndefu, kama waya wa breki ya baiskeli. Waya ukikatika, hata usukani na gurudumu viwe vizima, breki haishiki. Ngozi inaweza kufunga vizuri kabisa juu ya kano iliyokatika. Ndiyo maana kidonda kidogo cha kisu au bati mkononi kinadanganya watu. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: mwambie majeruhi akunje na kunyoosha kila kidole peke yake, kisha gusa ncha umuulize kama anahisi. Kidole kisipokunja, au kikiwa na ganzi, hilo si jeraha la kushona ngozi na kurudi nyumbani. Anahitaji daktari wa upasuaji.

Na muda hausubiri. Kano iliyokatika inatakiwa kuunganishwa mapema, ndani ya siku chache. Ikipita wiki nyingi, ncha yake inajivuta juu, njia yake inajaa kovu, na upasuaji unakuwa mkubwa na wenye matumaini madogo zaidi. Mshipa wa fahamu nao ukiunganishwa unakua taratibu, kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ganzi ya miezi kadhaa si ajabu.

Halafu kuna sehemu ambayo watu wengi hatuijui kabisa: mazoezi. Baada ya kano kuunganishwa, mkono unafungwa kwa kifaa cha kuushikilia, na mtaalamu wa fiziotherapia anamwelekeza mgonjwa asogeze vidole kidogo kidogo. Asiposogeza, kano inagandana na kovu. Akivuta kwa nguvu mapema, inakatika tena. Kwa kawaida ni kama wiki 12 kabla ya kurudi kwenye kazi nzito. Sasa mwambie mkulima wa Butiama, msimu wa jembe umeanza, asishike jembe wiki 12, na huku atafute nauli ya kwenda Musoma hospitali ya rufaa kila kliniki. Akihitaji kupelekwa Bugando, hiyo ni Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Watu hawaachi mazoezi kwa sababu ni wakaidi. Wanaacha kwa sababu nauli imeisha, na hakuna aliyewaeleza kwamba mazoezi ni nusu ya tiba.

Kwa hiyo bora mkono usiumie kabisa. Zunguka mkoa wetu uone. Mashine za kusaga mikanda iko wazi, watoto wamesimama pembeni na madebe yao. Machimbo ya Buhemba kuna makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Mialoni Musoma kuna visu vya samaki na kamba za mitumbwi. Majumbani kuna mashine za majani kama ile ya mwanafunzi wangu. Kinga zake si za gharama kubwa: funika mkanda, zima injini kabla ya kuchomoa kilichokwama, vua pete, kunja mikono ya shati. Hata glavu usivae karibu na kitu kinachozunguka, maana ikinaswa inavuta mkono mzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Lakini kijana wa kibarua kwenye karasha, asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya mwajiri, atapata wapi fidia?

Najua kuna atakayesema, "Mimi ni mwalimu, si daktari, na darasa lina wanafunzi themanini." Sawa. Lakini ajali ikitokea shuleni, wa kwanza kuitwa ni nani? Ni wewe. Unatakiwa ujue kubana jeraha kwa kitambaa safi, kuinua mkono juu, kuvua pete kabla ya uvimbe, na kukataza majivu, kahawa na mafuta ya taa. Ujue kwamba kidole kilichokatika kabisa kinafungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kinaingizwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio unaowekwa kwenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Ukumbushe sindano ya pepopunda. Na mwanafunzi akirudi na bandeji, umuulize swali moja: "Hebu kunja vidole nione."

Miaka yote mitatu ya chuo hakuna aliyenifundisha hayo. Nimefundishwa andalio la somo, sawa, lakini yule kijana hakuhitaji andalio langu. Alihitaji mtu wa kuuliza.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Bumu likichelewa siku mbili tunajua kupiga kelele. Basi tupige kelele na hili: kabla ya TP ijayo, tuletewe daktari mmoja na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, Jumamosi moja tu, watufundishe kwa vitendo.

Yule kijana nilimwomba radhi. Mwalimu mkuu alikubali aongezewe muda kwenye mitihani ya ndani, na mama yake anajipanga kumpeleka Musoma akaonwe, ingawa karibu miaka miwili imepita. Nilirudi kwenye daftari lake nikafuta neno "uvivu". Wino mwekundu haufutiki vizuri, bado linasomeka.