MABOGA YAPANDWE MAPEMA NA KWA NAFASI

Mikoa yetu ya Mbeya na Iringa inalima mahindi ya kulisha taifa. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, kuhara kukiwa mojawapo. Lakini sisi wa zahanati tunajua kwamba mtoto hajengwi kwa ugali na uji mtupu.

Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwafundisha wazee wetu kuchanganya vyakula. Kwa maoni yangu, boga ni mchanganyiko ulio karibu kuliko yote. Majani yake na nyama yake ya rangi ya chungwa humpa mtoto vitamini A, ambayo hulinda macho na kuusaidia mwili kupambana na maradhi. Mbegu zake zina protini, mafuta na madini ya chuma. Zikikaangwa na kutwangwa laini, hufaa katika mboga, na katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita.

Tatizo ni upandaji wetu. Wengi hutupa mbegu ovyo baada ya palizi ya kwanza. Wakati huo mahindi yamekwisha kuwa marefu, na boga lililoota kivulini huzaa kidogo. Tuyapande pamoja na mahindi, mvua za kwanza zinaponyesha, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mvua kubwa zikifika, majani mapana yatakuwa yamefunika ardhi. Matone hayatapiga udongo mtupu, na kwenye miteremko kama ya Umalila na Kilolo rutuba haitachukuliwa na maji.

Lakini tusijaze shamba. Maboga yakisongamana hunyang'anyana chakula na mahindi, hushikwa na ukungu mweupe, na huzaa matunda madogo. Hatua tatu toka shimo hadi shimo zinatosha. Tia mbegu mbili au tatu, kisha ubakize mche mmoja wenye nguvu. Majani ya mboga yachumwe kwa kiasi, ncha zote zisikatwe.

Najua wazee wangu watasema kwamba maboga huzuia jembe. Ni kweli. Basi palizi ya kwanza ifanywe mapema, kabla hayajatambaa. Wengine siku hizi wanapulizia dawa ya kuua magugu. Nyingi ya dawa hizo huacha mahindi na kuua maboga. Baba anayepulizia aelewe kuwa ameamua pia juu ya mboga ya mtoto wake. Uamuzi huo haufai kufanywa bila mama kuulizwa.

Msimu huu, mbegu za mahindi zikipelekwa shambani, za maboga zisisahauliwe nyumbani. Kinga ni bora kuliko tiba.