Wauza Matangi, Tuambieni Habari ya Hewa

Hivi nani aliwadanganya watu wa mjini kwamba samaki anaishi kwa maji? Samaki anaishi kwa oksijeni, kama wewe unayesoma hapa. Tofauti ni kwamba yeye anaitafuta ndani ya maji, na humo imo kidogo mno. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Maji ya tangi yenye joto la nyuzi 30, joto la kawaida kabisa kwa tangi lililokaa uani Dar es Salaam, yakikaa kwenye hewa ya kawaida hushika miligramu 7.5 hivi kwa lita moja. Basi. Jua likizidi kuyachemsha yanashika pungufu, na wakati huo huo samaki ndiyo anahitaji zaidi.

Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Akuaponiki imekuwa wimbo wa mjini. Kwa ambaye haijui: unafuga samaki kwenye tangi, pampu inapandisha maji yenye uchafu wao hadi kwenye kitalu cha kokoto, bakteria wanaoishi kwenye kokoto wanageuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, mboga zinakula hiyo naitreti, maji yanarudi kwa samaki yakiwa na nafuu. Ni elimu nzuri. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virgin Islands waliifanyia kazi kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980, tena kwa jamii hii hii ya perege. Sina ugomvi na sayansi hata chembe. Ugomvi wangu ni na wanaotuuzia.

Nilitumwa kuripoti semina moja ya siku moja, kiingilio juu, chai na sambusa ndani. Picha ukutani: letusi ya kijani, perege mnene, familia inacheka. Kisha ikaja hesabu ya mapato. Samaki 300 katika tangi la lita 1,000, mara uzito, mara bei, mara mavuno mawili kwa mwaka. Watu wakaanza kupiga picha ukuta kwa simu. Nikanyoosha mkono nikauliza: umeme ukikatika? Mtoa mada akatabasamu. "Kaka, perege ni mgumu. Tusianze na mawazo hasi." Ukumbi ukacheka, tukaenda kunywa chai.

Haya, na mimi nifanye hesabu yangu. Lita 1,000 zenye miligramu 7 kwa lita zina gramu 7 za oksijeni. Gramu saba! Ni akiba yote ya nyumba nzima. Perege anatumia kwa makadirio ya kawaida miligramu 300 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, na zaidi akishashiba. Samaki 300 wa gramu 200 ni kilo 60. Hao wanakula gramu 18 kwa saa. Pampu ikisimama, kutoka miligramu 7 hadi 2, ambako samaki wanakuwa taabani, ni kama dakika 17. Hewa kidogo inajipenyeza yenyewe juu ya maji, ongeza dakika kadhaa basi, lakini bado sijawahesabu bakteria, wala kinyesi kinachooza chini ya tangi, ambavyo navyo vinakunywa oksijeni hiyo hiyo.

Dakika 17. Umeme wetu ukikatika, dakika 17 ndiyo muda wa kumpigia jirani kumuuliza kama na kwake umekatika.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgawo nchi nzima. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilianza kuzalisha 2024, mambo yakapungua makali, sawa. Lakini nguzo ikianguka mtaani kwako, megawati za Rufiji zitakusaidia nini usiku ule?

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu wa huku Kimara aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua "kifurushi kamili". Kamili maana yake tangi, vitalu viwili, vifaranga, na pampu MOJA. Pampu ile ile ya kupandisha maji ndiyo ilitegemewa kuleta hewa maji yakidondoka kurudi tangini. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Bibi wa watu alikuta tangi limekuwa jeupe juu, matumbo yanaelea. Alipompigia muuzaji aliambiwa huenda alikosea chakula. Chakula! Alikaa wiki nzima akijilaumu, mtu aliyefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini, ilhali hakuna aliyempa hesabu ya kufanya.

Turudi kwenye "perege ni mgumu". Ni kweli, perege anavumilia maji mabovu kuliko samaki wengi. Atakuja juu, atapanua mdomo, atahema. Lakini kuvumilia siyo kunenepa. Oksijeni ikikaa chini ya miligramu 5 anakula kwa kinyongo, chakula ulichonunua kwa bei mbaya kinazama na kuoza, kikioza kinakula hewa iliyobaki. Wanaokuambia fuga kambale badala yake nao wamesema nusu. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, hafi upesi. Bakteria kwenye kokoto hawana ujanja huo. Wala mizizi ya mboga. Bakteria wakikosa oksijeni kazi yao inazorota, amonia inapanda, halafu hata huyo kambale shujaa anaanza kuugua.

Kinachoniuma ni kwamba dawa siyo siri wala siyo ghali kulinganisha na kifurushi chenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa akuaponiki ndogo mwaka 2014, unapatikana bure mtandaoni. Unasema kilo 20 za samaki kwa lita 1,000 ndiyo mwisho kwa mfumo wa nyumbani. Siyo 60. Rudia hesabu yangu kwa kilo 20 uone: zile dakika 17 zinakuwa 50. Huo ni muda wa mtu kuamka, kuchukua kopo na kuanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu, kazi ya kishamba ambayo kweli inaokoa samaki.

Halafu pampu ya hewa iwe peke yake, mbali na ya maji. Ya maji huziba kwa uchafu hata umeme ukiwepo, na ikiziba peke yake isiondoke na kila kitu. Tafuta ya volti 12. Ikiwa inatumia wati 20, betri ya solar ya ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Tumia nusu tu usiiue betri, unapata saa 15. Saa kumi na tano! Usiku mzima na asubuhi yake. Vijiwe vya mapovu viwe vya matundu madogo, maana povu dogo linagusa maji zaidi kuliko kubwa linalokimbilia juu. Tangi liwekewe kivuli. Lisha asubuhi, na umeme ukikatika usilishe kabisa.

Hayo yote yanaingia kwenye karatasi moja. Kwa nini hayapo kwenye karatasi zao? Kwa sababu ukiweka kilo 20 badala ya 60, ile safu ya mapato ukutani inashuka hadi theluthi, na ukiongeza betri na pampu ya pili, bei ya kifurushi inapanda. Hakuna atakayepiga picha ukuta.

Na sisi magazeti tusijitoe. Habari yangu ya semina ile niliipeleka ikiwa na aya tatu kuhusu hewa na umeme. Ilitoka na picha ya letusi. Aya zile tatu zilikatwa dawatini, nikaambiwa zinakatisha vijana tamaa ya kujiajiri. Kwa hiyo nimeziweka hapa, ndefu kuliko zilivyokuwa.

Jumamosi ijayo kuna semina nyingine, waandaaji ni wale wale. Kama umeshalipa kiingilio, nenda, usiache hela yako. Wakifika kwenye samaki 300, waulize tangi lina gramu ngapi za oksijeni. Wakikuambia mambo ya mawazo hasi, omba ile hesabu waiandike, waweke na sahihi.