Bustani ya Maua Isiwe Adhabu

Nimeshika kalamu ili niseme jambo ambalo wengi wetu hulinung'unikia tu njiani tukienda nyumbani, yaani bustani yetu ya maua. Maoni yangu ni kwamba kazi ya bustani isiwe adhabu, na mimea tunayopanda ilingane na mahali petu.

Katika shule yetu ukichelewa asubuhi unapewa ndoo. Ukisikika ukiongea Sheng, ndoo. Ukikosa kumaliza hesabu, ndoo. Matokeo ni nini? Mtu anamwaga maji yote kwenye mche mmoja ili arudi darasani haraka. Hata mimi nimefanya hivyo, nakiri. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali na maji yakiwa mbali, mawaridi yalikauka yote isipokuwa mawili. Mawaridi hayakuwa na kosa. Yalilelewa na watu wenye hasira.

Nyumbani kwetu Kiplombe kuna mmea wa aina nyingine. Nyanya alipewa mche mmoja na jirani, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Jina la kitaalamu ni Saxifraga stolonifera, na asili yake ni Uchina, Japani na Korea. Saksifraga ni neno la Kilatini, maana yake mvunja mawe, kwa kuwa jamaa zake wengi huota kwenye nyufa za miamba. Nilipomweleza nyanya hayo alicheka akasema, "Basi amefika kwao!" Kweli, kwani jina Eldoret lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani Sosiani yetu.

Majani yake ni ya mviringo, yana vinyweleo na mistari myeupe, na chini ni mekundu. Hutoa nyuzi nyembamba nyekundu, na kwenye ncha ya kila uzi huwa kuna mtoto. Usimkate upesi. Mweke juu ya udongo wa mkebe mwingine, mbane kwa kijiwe, na akishika mizizi ndipo ukate uzi. Mmea huu haupendi jua kali la mchana wala maji yanayotuama. Toboa mkebe chini, tia changarawe, kisha udongo mwepesi. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole; udongo ukiwa bado na unyevu, wacha. Kutoka mkebe mmoja sasa tuna kumi na tano.

Najua kuna watakaosema maua hayaliwi, afadhali tupande sukuma wiki. Sawa, sukuma ipandwe palipo na jua. Lakini kule kwenye kivuli nyuma ya madarasa, penye mawe na changarawe, sukuma hudumaa. Hapo ndipo mvunja mawe angekaa vizuri.

Walimu nao watauliza, "Bila adhabu, nani atamwagilia?" Ni swali la haki. Sisemi watukutu waachwe, kuna adhabu nyingine. Lakini nyanya hakunipa ndoo nikiwa nimekosa. Alinipa mkebe mmoja akaniambia, "Huyu ni wako." Tangu siku hiyo sijahitaji kukumbushwa, kwa sababu mmea ukifa nitaona aibu mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Kila darasa lipewe sehemu yake na mikebe yake, na majina yaandikwe. Shule zikifungwa Desemba, sisi wanafunzi wa kutwa tunakaa karibu. Kila mtu abebe mkebe wake nyumbani na aurudishe Januari. Shule ya bweni haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi, lakini sisi tunaweza.

Mwaka wa 2024 Eldoret ilipandishwa hadhi ikawa jiji. Sisi huku Kiplombe hatuwezi kujenga maghorofa, lakini tunaweza kuacha kuwafundisha wanafunzi wapya kwamba kutunza kitu kilicho hai ni mateso. Mtoto aliyezoea kuona jembe na ndoo kama kiboko, atapenda kulima lini?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Muhula ujao nitaleta miche kumi katika chama chetu cha Kiswahili. Atakayetaka mmoja aje na mkebe wake, tayari umetobolewa.