Sukre kwenye mlango wa masomo: wadogo zetu wanafundishwa kula nini?



Kila siku wakati wa rekreasyo, milango ya masomo ya msingi katika muji wetu inageuka soko. Iwe Mudzi Pela, Nyakasanza, Lumumba ao Bankoko, ni kitu kimoja: biskuti, bombo, maji ya rangi yenye sukari ndani ya sashe, na kwa yule ambaye baba yake ana kazi, chupa ya sukre. Mtoto wa miaka 6 anatoa noti ya franga 500, anakula akisimama, kengele inalia, anarudi darasani. Katika inchi za wengine wakisema chakula cha haraka wanafikiria hamburger na kuku wa kukaanga. Kwetu huku hamburger ni ya watu wachache. Chakula chetu cha haraka njo hiki, na kinaanza mapema kabisa.

Wengi wetu tumemaliza iniversite na kazi hatuna. Njo maana asubuhi ni sisi tunapeleka wadogo zetu na watoto wa dada zetu kwenye masomo, na mchana ni sisi tunawarudisha. Kwa hiyo tunaona. Mama amepika bugali na sombe, mtoto anasukuma sahani: "Siko na njala." Si kiburi. Tumbo dogo limeshajaa sukari.

Tuhesabu kidogo. Chupa ya kola ya nusu lita ina karibu gramu 53 za sukari, sawa na vijiko vidogo 13. OMS, katika mwongozo wake wa 2015, inasema sukari ya kuongezwa isipite sehemu 10 kwa 100 ya nguvu ambayo mtu anapata katika chakula chote cha siku. Kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni kama gramu 32. Chupa moja, basi, imepita mpaka kabla hata chai ya asubuhi haijahesabiwa. Na ndani ya ile chupa hakuna kitu cha kujenga mfupa wala damu. Utafiti wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba katika inchi yetu karibu watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao, sababu mwili haukupata chakula kinachofaa kwa muda mrefu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maharagi, samaki, mboga. Tunampa rangi na sukari.

Tunajua swali litakalokuja, tumeshalisikia: "Watu wanauawa Djugu na Irumu, nyinyi mnaongea biskuti?" Ndiyo, tunaongea biskuti, na ni kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Milima ya Djugu ilikuwa inalisha Bunia: maharagi, viazi, makabichi, maziwa. Tangu mauaji yalipoanza tena mwezi wa 12 mwaka 2017, mashamba mengi yameachwa, wenye kulima wako kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, wengine hapa hapa Kigonze. Etat de siège ilitangazwa mwezi wa 5 mwaka 2021, na mkulima bado anaogopa kwenda shambani kwake. Lakini karton ya biskuti inatoka Uganda, inavuka mpaka, inafika kwenye kioski ya kartie yetu bila kuoza. Kabichi ya hapa karibu haifiki, biskuti ya mbali inafika! Mtoto aliyezaliwa wakati huo amekua akijua biskuti kuliko maziwa. Vita ikiisha kesho, ulimi wake utakuwa umeshazoea.

Sasa, kumfundisha mtoto, tunaanza wapi? Si kwa fimbo, na si kwa kumwambia "hiyo ni mubaya" huku sisi wenyewe tumeshika chupa. Angalia namna tunavyotumia sukre. Mgeni akifika, tunatuma mtoto akanunue sukre. Ubatizo, sukre. Siku ya kutangaza matokeo, aliyefaulu anapewa sukre na biskuti, aliyeanguka anakula sombe. Basi tumemfundisha vizuri sana: kitu cha pakiti ni heshima, chakula cha mama ni azabu. Kabla ya kubadilisha kinywa cha mtoto lazima tubadilishe zawadi. Siku ya matokeo mpe samaki mzima wa Ziwa Albert, kwenye sahani yake mwenyewe, kichwa na mkia, asigawe na mtu. Tuone kama atalia biskuti.

Na watoto wanaweza kujifunza, tusiseme hawawezi. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, walizoea kunawa mikono kwenye mlango wa masomo, halafu wakarudi nyumbani wakatufundisha sisi wakubwa, hata wale wazee waliokuwa wanasema Ebola ni politike. Haikuwa hotuba iliyofanya vile. Ndoo ilikuwa pale, maji yalikuwa ndani, mwalimu alinawa wa kwanza. Mtoto mdogo anajifunza kwa kile kilichowekwa mbele yake. Masomo yasiyo na maji ya kunywa yanamfundisha kununua sashe, hata kama ukutani mumebandika picha za matunda.

Kwa wakurugenzi wa masomo na kamati za wazazi: mamlaka juu ya kile kinachouzwa ndani ya lupango mnayo tayari, hamungojei Kinshasa. Chile walikataza kwa sheria, tangu 2016, kuuza ndani ya masomo vyakula vyenye sukari na chumvi kupita kiasi. Hapa kwetu inatosha mkutano mmoja wa wazazi. Wekeni ndoo ya maji safi yenye kifuniko na robine.

Kwa mairie: msitume polisi kuwafukuza mama wanaouza. Mama yule analipia watoto wake masomo ya sekondari na biskuti zile zile. Hauzi sumu kwa roho mbaya, anauza kile kisichooza akikosa wateja. Karanga za kukaanga, ndizi, mahindi ya kuchemsha, avoka, uji wa soya: anaweza kuviuza, lakini anahitaji kivuli, meza, na kuachiwa ile taksi ya kila siku.

Kwa OCC: kazi ya kupima bidhaa zinazoingia ni yenu. Tunataka kuona tarehe za kuisha kwenye vile vipakiti vya watoto, zinazosomeka.

Kwa gouverneur: Katiba, kifungu cha 47, inatupa haki ya afya na ya usalama wa chakula. Usalama wa chakula wa Bunia uko kwenye mashamba ya Djugu na kwenye barabara ya RN27. Mkulima arudi shambani, na mzigo wake upite bila kulipishwa kwenye kila kizuizi.

Na sisi wenyewe: wiki hii kila mmoja achague mlango mmoja wa masomo karibu na kwao. Ongea na mama wauzaji, kwa heshima, ukiwa umenunua karanga kwanza. Uliza ni nini kingewawezesha kuuza matunda pale, na kwa bei gani. Ongea na kamati ya wazazi. Utuletee majibu kwenye mkutano wa Jumamosi, yameandikwa, na jina la masomo juu.